Asilah: Mji wa pwani unaochora kumbukumbu zake na kuzifuta

KUTA za mji mkongwe wa Asilah, ulioko katika pwani ya Atlantiki kaskazini mwa Moroko, hupakwa chokaa karibu kila mwaka. Chokaa hiyo hufunika picha kubwa zilizochorwa na wasanii katika msimu uliotangulia, na juu ya weupe wake huchorwa picha nyingine.

Desturi hiyo ilianza mwaka 1978. Tangu wakati huo wachoraji wa Moroko na wa mataifa mengine wamekabidhiwa kuta za nyumba za watu wazichore, wakijua tangu mwanzo kwamba kazi zao hazitadumu.

Kwa mtu aliyezoea kuona picha za ukumbusho zikiwekewa vioo na walinzi, jambo hili ni la kushangaza. Kumbukumbu ni kitu cha kutunzwa. Iweje basi mji uzithamini picha zake kiasi hiki, kisha uzifute kwa hiari yake wenyewe?

Makala haya yanaeleza chimbuko la desturi hiyo, maana ya picha ya wimbi iliyokuwa miongoni mwa zile za mwanzo, na swali zito ambalo mafanikio yake yameuachia mji: ni nani hasa anayerejea nyumbani pale kuta zinapopakwa rangi upya?

Mji wa waliokuja na walioondoka

Asilah ni mji mdogo, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Tangier kuelekea kusini. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu wakazi wapatao 31,000, wengi wao wakiishi nje ya ngome ya zamani.

Ngome hiyo inabeba historia ndefu ya watu waliokuja na kuondoka. Wareno waliuteka mji mwaka 1471, wakati wa Mfalme Afonso wa Tano, wakajenga kuta na minara ambayo sehemu yake kubwa ingali imesimama. Ni kutoka Asilah ambako Mfalme Sebastião wa Ureno aliondoka na jeshi lake mwaka 1578 kwenda kupigana vita vya Ksar el-Kebir. Hakurudi; aliuawa vitani.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kiongozi wa kikabila aliyetia hofu eneo lote hilo, Ahmed al-Raisuni, alijenga kasri lake juu ya ukuta unaotazama bahari. Kisha wakaja Wahispania, walioitawala sehemu ya kaskazini ya Moroko kuanzia mwaka 1912 hadi nchi ilipopata uhuru mwaka 1956.

Uhuru haukuuletea mji huo neema ya haraka. Asilah ulibaki mji wa wavuvi na wakulima wadogo. Vijana wake waliokuwa na uwezo walikwenda kutafuta masomo na kazi Tangier, Casablanca na Ulaya. Kufikia miaka ya 1970 nyumba nyingi ndani ya ngome zilikuwa zimepasuka, vichochoro vimejaa taka, na kasri la Raisuni limeanza kuwa gofu.

Wazawa wawili warejea

Miongoni mwa vijana walioondoka walikuwamo wawili waliokuja kuubadilisha mji huo. Wa kwanza ni Mohamed Melehi, mchoraji, aliyezaliwa Asilah mwaka 1936. Wa pili ni Mohamed Benaissa, aliyezaliwa mwaka uliofuata, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Utamaduni wa Moroko kuanzia 1985 hadi 1992, na Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1999 hadi 2007.

Safari ya Melehi ilikuwa ndefu. Alianza katika shule ya sanaa ya Tetouan, akaenda Seville na Madrid, kisha Rome, na baadaye New York, alikoishi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1963 kazi yake ilioneshwa katika jumba maarufu la sanaa ya kisasa la jiji hilo, MoMA, pamoja na za wachoraji wengine waliokuwa wakichora maumbo yenye kingo kali na rangi bapa.

Benaissa naye alisoma Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akafanya kazi katika mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwamo Shirika la Chakula na Kilimo, FAO. Aliporejea aliingia katika baraza la mji mwaka 1976, na mwaka 1983 akawa meya.

Wahenga walisema mwenda kwao si mtumwa. Lakini wawili hawa walirejea kwao wakakuta kwao kumechakaa. Mji haukuwa na fedha, wala viwanda, wala bandari kubwa. Ulichokuwa nacho ni kuta, bahari na watu wake.

Mwaka 1978 walianzisha jumuiya ya kitamaduni waliyoiita Al-Mouhit, neno la Kiarabu lenye maana ya bahari kuu. Kiangazi cha mwaka huo jumuiya iliandaa tamasha la kwanza, ikawaalika wachoraji wa Moroko wachore moja kwa moja juu ya kuta za mji mkongwe.

Wazo halikuwa kuupamba mji kwa ajili ya wageni pekee. Waasisi waliamini kwamba mkazi akiuona ukuta wake umepewa heshima, ataona haya kutupa taka chini yake. Usafi, rangi na ukarabati vilikwenda pamoja, na watoto wa mji nao walipewa brashi.

Wimbi ukutani

Miongoni mwa michoro ya mwaka 1978, uliokumbukwa zaidi ni wa Melehi mwenyewe. Ulikuwa wa mawimbi: mikanda mipana ya rangi iliyopinda kwa ulinganifu, kila mmoja ukiwa na kingo zilizonyooka kana kwamba umekatwa kwa kisu.

Wimbi lilikuwa alama ya Melehi kabla ya mwaka huo. Alilichora mara nyingi tangu miaka ya 1960, wakati mwingine likisimama wima hata likafanana na mwali wa moto. Katika miaka ya 1970 alipenda kutumia rangi za viwandani za jamii ya zile zinazopakwa magari, kwa hoja kwamba sanaa ya watu itumie vifaa ambavyo watu wa kazi wanavifahamu.

Ni rahisi kuliona wimbi hilo kuwa ni bahari ya Asilah, na hakika bahari imo. Lakini chimbuko lake ni pana zaidi, na ili kulifahamu ni lazima turudi nyuma kidogo, hadi Casablanca.

Melehi alifundisha katika shule ya sanaa ya Casablanca kuanzia mwaka 1964. Shule hiyo iliasisiwa wakati wa utawala wa Kifaransa, na mafunzo yake yaliwataka wanafunzi wa Moroko waige picha na sanamu za Ulaya. Farid Belkahia, aliyeiongoza kuanzia 1962 hadi 1974, aliamua kugeuza mwelekeo.

Pamoja na Melehi, Mohamed Chabâa, mwanahistoria wa sanaa Toni Maraini na mtafiti Bert Flint, walianza kuwafundisha wanafunzi kuyatazama mazulia ya Kiamazigh, vito vya fedha, ngozi zilizotiwa nakshi na dari za mbao zilizopakwa rangi katika misikiti ya vijijini. Hoja yao ilikuwa kwamba maumbo yaliyosifiwa New York kuwa ya kisasa yalikuwa yamefumwa na wanawake wa milimani Moroko tangu enzi za mababu.

Kwa hiyo wimbi la Melehi lilikuwa na marejeo mawili. Lilirejea bahari ya utotoni, na lilirejea mikono ya mafundi ambao elimu ya kikoloni iliwaita watu wa kazi za mikono tu, wala haikuwahesabu kuwa wasanii.

Mwaka 1969 walimu hao na wenzao walifanya jambo lililowashangaza wengi. Walizitoa picha zao kumbini, wakazitundika katika uwanja wa Jamaa el-Fna mjini Marrakech, mahali pa wasimulizi wa hadithi, wauza machungwa na wapita njia. Picha zilipigwa na jua na vumbi, na watu wakaziuliza maswali. Michoro ya Asilah ilikuwa mwendelezo wa fikra hiyo, isipokuwa safari hii picha haikuletwa mtaani. Mtaa wenyewe uligeuzwa kuwa picha.

Miaka ya ukimya

Haifai kuisahau hali ya nchi wakati huo. Wamoroko wanaiita sehemu kubwa ya utawala wa Mfalme Hassan wa Pili miaka ya risasi, kwa sababu ya kamatakamata, mateso na watu kutoweka.

Wasanii hawakuwa mbali na dhoruba hiyo. Jarida la Souffles, lililoanzishwa mwaka 1966 na mshairi Abdellatif Laâbi na wenzake, lilitoka likiwa na jalada lililobuniwa na Melehi. Mwaka 1972 lilipigwa marufuku, na Laâbi akakaa gerezani hadi mwaka 1980.

Kwa maana hiyo, mwaka ambao Asilah ulichorwa kwa mara ya kwanza, mwandishi aliyefanya kazi na Melehi alikuwa bado kifungoni. Michoro ya kutani haikubeba kaulimbiu wala sura za viongozi. Ilikuwa mawimbi, miduara na nyota.

Wapo wanaouona ukimya huo kuwa busara, kwani mchoro wenye maneno makali usingedumu hata siku moja. Wapo wanaoona kwamba tamasha lililolindwa na wakubwa lilinunua amani yake kwa kunyamaza. Hoja zote mbili zina uzito, na msomaji anaweza kuzipima. Lisilopingika ni kwamba katika wakati ambapo watu wengi walikusanyika kwa woga, mji huu ulipata sababu ya kukusanyika hadharani.

Kwa nini picha hufutwa

Turudi kwenye swali la awali. Sababu ya kwanza ya kufutwa kwa picha ni ya kawaida kabisa: ukuta wa pwani hautunzi rangi.

Upepo wa Atlantiki hubeba chumvi. Chumvi hiyo huingia ukutani pamoja na unyevu wa mvua za masika ya huko, ambayo huwa katika miezi ya baridi. Jua likikausha ukuta, chumvi huganda na kutanuka chini ya rangi, nayo rangi hubanduka vipande vipande. Wenyeji wa miji yetu ya pwani wanalifahamu tatizo hili bila kuhitaji maelezo.

Dawa yake ya jadi ni chokaa. Mawe ya chokaa huchomwa tanuuni hadi yakatoa hewa ya kaboni, kisha huzimwa kwa maji yakawa uji mweupe. Uji huo ukipakwa ukutani huivuta tena ile hewa ya kaboni kutoka angani na polepole hugeuka kuwa jiwe, kama ulivyokuwa kabla ya moto. Tabaka hilo huuacha ukuta upumue, lakini huchakaa na hivyo hudai kupakwa tena na tena.

Kwa hiyo familia za Asilah zilikuwa zikipaka kuta zao chokaa kabla hata ya kuzaliwa tamasha. Wasanii waliikuta desturi hiyo wakaifuata. Badala ya kupambana na bahari ili picha zidumu, walikubali picha ziishi umri wa chokaa.

Sababu ya pili inatokana na ile ya kwanza. Picha isiyodumu humlazimu mtu arejee. Kama michoro ya mwaka 1978 ingehifadhiwa, mji ungekuwa na makumbusho ya mwaka mmoja, na watoto waliozaliwa baadaye wangekuwa watazamaji tu. Kwa kuwa ilifutwa, kila kizazi kimepata ukuta wake.

Wimbi la Melehi la mwaka 1978 linaonekana leo katika picha za kamera tu. Kilichobaki ukutani ni desturi.

Neno tunalolifahamu

Tamasha hilo huitwa moussem, na kwa msomaji wa Kiswahili neno hilo si geni. Linatokana na neno la Kiarabu mawsim, ambalo ndilo lililotupa sisi neno msimu.

Nchini Moroko moussem ni mkusanyiko wa kila mwaka, mara nyingi kwenye kaburi la walii, ambapo watu waliotawanyika hurejea kwa ibada, biashara na harusi. Katika pwani ya Afrika Mashariki neno hilohilo lilishikamana na pepo za kaskazi na kusi, zilizowaleta mabaharia na kuwarudisha kwao.

Katika sehemu zote mbili maana ya ndani ni moja: wakati ambao aliyekwenda hutarajiwa kurudi. Waasisi wa Asilah walipochagua neno hilo la vijijini badala ya lile la Kifaransa la festival, waliliweka tamasha lao katika mpangilio ambao watu wa kawaida waliuelewa.

Nafasi ya Afrika katika misimu hiyo imekuwa kubwa. Mchapaji wa picha Mohammad Omer Khalil, mzaliwa wa Sudan aliyehamia New York, alikuwa miongoni mwa walioanzisha karakana ya uchapaji mwaka 1978, sambamba na Mmarekani Mweusi Robert Blackburn.

Mshairi wa Kongo-Brazzaville, Tchicaya U Tam'si, alikuwa rafiki wa tamasha. Alipofariki mwaka 1988, mji uliipa bustani jina lake, na mwaka uliofuata ukaanza kutoa tuzo ya ushairi wa Afrika kwa jina hilohilo. Mnijeria Niyi Osundare aliipata mwaka 2008. Hivyo mji ulimfanya mgeni huyo kuwa mmoja wa marehemu wake.

Mafanikio na gharama yake

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ilitimia Asilah kwa kiasi kikubwa. Kasri la Raisuni lilikarabatiwa likawa jumba la utamaduni, vichochoro vikasakafiwa upya, na nyumba zilizokuwa zikibomoka zikapata mafundi. Mwaka 1989 ukarabati wa mji ulipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, moja ya heshima kubwa kabisa katika fani hiyo.

Hata hivyo, uzuri una bei. Kadiri sifa za mji zilivyoenea, ndivyo nyumba za ndani ya ngome zilivyotafutwa na watu wa nje, wakiwamo Wazungu na matajiri wa miji mikubwa ya Moroko. Nyumba ambayo zamani ilikaliwa na familia nzima ya mvuvi iligeuka kuwa ya mapumziko, ikifunguliwa kiangazi na kufungwa miezi iliyobaki.

Aliyeuza hakulazimishwa, na wengine walijenga nyumba bora zaidi nje ya ngome kwa fedha hizo. Lakini matokeo yake ni kwamba ukuta unaochorwa leo unaweza kuwa wa mtu ambaye hayupo, na mtoto anayeushangilia anatoka mtaa mwingine.

Hapo ndipo suala la kurejea nyumbani linapokuwa gumu. Wahamiaji wa Kimoroko walioko Ulaya hurudi kwa wingi kila kiangazi, wakati uleule ambao tamasha limezoeleka kufanyika. Wanakuta mji ni mzuri kuliko walivyouacha. Wanakuta pia kwamba nyumba ya babu, kama iliuzwa, hawawezi tena kuinunua.

Mchoro wa kutani hauwezi kulitatua tatizo hilo. Bei ya nyumba huamuliwa na soko na sheria za mji, wala si rangi. Lakini ukuta uliochorwa una sifa moja: hauna tiketi. Anayepita chini yake, awe mwenye nyumba au aliyeiuza, anauona sawasawa.

Baada ya waasisi

Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, misimu ilikatika. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Melehi alifariki nchini Ufaransa kwa ugonjwa huo wa Covid-19, akiwa na umri wa miaka 83.

Alikufa wakati dunia imeanza kumtambua upya. Mwaka 2019 maonyesho makubwa ya kazi zake yalifanyika London, kisha yakaenda Marrakech na Dubai. Mwaka 2023 historia ya shule ya Casablanca ilioneshwa katika jumba la Tate la St Ives, mji mwingine mdogo wa pwani ulioko kusini-magharibi mwa Uingereza.

Benaissa naye alifariki Februari 2025, baada ya kuushika usukani wa mji na tamasha kwa zaidi ya miongo minne. Kwa hiyo wote wawili waliorejea kuufufua mji wao sasa wameondoka.

Turubai za Melehi zimo katika makumbusho na nyumba za matajiri, nazo zitatunzwa kwa gharama kubwa. Michoro ya kutani haina mlinzi wa namna hiyo. Itakuwapo ikiwa tu mwaka ujao atapatikana mtu wa kuchanganya chokaa, mwingine wa kushika ngazi, na mwenye nyumba wa kusema ndiyo.

Huo ndio mtihani uliowekwa tangu mwaka 1978, na miji yetu ya pwani, yenye kuta zinazobanduka na vijana wanaoondoka, ina sababu ya kuufuatilia. Asilah haukupata utajiri wa ghafla wala mfadhili aliyeshuka kutoka mbinguni. Ulipata watu wake wawili waliorudi, wakaanza na ukuta uliokuwa karibu.

Kazi iliyobaki ni ya wale waliokuwa watoto wenye brashi mwaka ule. Hao leo ni wazee na wazazi, na kama wanataka wajukuu wao wawe na mji wa kurejea, watalazimika kuzilinda nyumba kwa bidii ileile waliyoitumia kuzipamba.